Binti anataka kwenda Saudia: hesabu ya kufanywa kabla ya kulipa ajenti

Swali: Mimi ni mama wa miaka 54, naishi Mtwapa na nauza mahamri na viazi karai asubuhi. Binti yangu ana miaka 27 na mtoto wa miaka minne. Alikuwa akifanya kazi hotelini, akasimamishwa. Sasa amepata ajenti wa kumpeleka Saudia kazi za nyumbani, mshahara riyali 900 kwa mwezi, mkataba wa miaka miwili. Redioni nasikia pesa za walioko ng'ambo ndizo zinazoibeba nchi. Lakini hapa mtaani nawaona waliorudi wakajenga, na waliorudi mikono mitupu. Naomba nielezwe: kwa nini watoto wetu wanaondoka hivi, pesa hiyo inamfaidi nani hasa, na je, nimwache aende?

Jibu:

Shikamoo mama. Swali lako nimelisoma mara mbili, na kila mara nimekwama pale unaposema kuna waliorudi wakajenga na waliorudi mikono mitupu. Hapo ndipo penye kiini. Watu wawili wanatoka mtaa mmoja, wanapanda ndege wiki moja, wanalipwa riyali 900 zile zile, na baada ya miaka miwili mmoja ana chumba na sebule kwenye kiwanja cha babake, mwingine ana deni. Miaka yote niliyofundisha uchumi wa kazi na ajira, na kukaa na familia za watu waliosafiri, imenifunza kwamba mshahara hauwezi kueleza tofauti hiyo. Inaelezwa na mambo mawili: mtu aliondoka kwa gharama gani, na pesa alizotuma zilipokelewa na mkono gani.

Tuanze na kwa nini wanaondoka. Binti yako alisimamishwa hotelini, na usimlaumu, wala yeye asijilaumu. Pwani yetu inasimama kwa miguu miwili, utalii na bandari, na yote miwili imeumia katika kipindi cha ujana wake. Mwaka 2014 mashambulizi ya kigaidi ya Mpeketoni, Lamu, pamoja na maonyo ambayo Uingereza na nchi nyingine ziliwapa raia wao wasije huku, yalifanya mahoteli kuanzia Diani hadi Malindi yapunguze watu, na mengine yafunge kabisa. Yalipoanza kupata nafuu ikaja korona mwaka 2020. Bandarini nako, kuanzia 2018 makasha yakaanza kupandishwa treni ya SGR kwenda Nairobi, na agizo la serikali la 2019, kwamba mizigo ipite kwenye reli, likakaza zaidi. Madereva wa malori, makanika wa Miritini, wenye vibanda vya chakula Mariakani, wote walibaki wakiitazama reli. Agizo hilo liliondolewa mwaka 2022, lakini gereji iliyokwisha kuuza vifaa vyake haifunguki tena kwa tangazo la siku moja.

Na si Pwani peke yake. Takwimu za serikali za mwaka 2024 zinaonyesha kwamba nchi nzima zilipatikana ajira mpya 782,300, na karibu tisa katika kila kumi zilikuwa za jua kali. Kazi hizo ni kama yako, mama: unaamka saa tisa usiku kukanda unga, mvua ikinyesha wateja hawaji, ukiugua hakuna anayekulipa. Ninaiheshimu kazi hiyo, imelea watoto wengi wa nchi hii. Lakini kijana aliyekuona ukiifanya kwa miaka ishirini anajua isivyoweza kuahidi kitu, naye anatafuta mahali ambapo mwisho wa mwezi una maana.

Upande wa pili kuna nchi zinazowahitaji. Safari za kutoka pwani hii kwenda Uarabuni ni za zamani, tangu enzi za majahazi na pepo za kaskazi na kusi, na hata leo Muscat kuna wazee wanaozungumza Kiswahili cha Unguja. Ila safari hii ya mkataba na viza ni zao la mafuta. Bei ya mafuta ilipopanda kama mara nne baada ya Oktoba 1973, nchi za Ghuba zikapata pesa nyingi kuliko watu wa kuzifanyia kazi, zikaanza kuagiza wafanyakazi kutoka Asia. Kwa kazi za nyumbani walitegemewa hasa Wafilipino, Waindonesia na watu wa Sri Lanka. Mwaka 2015 Indonesia ikapiga marufuku kupeleka wafanyakazi wapya wa nyumbani katika nchi 21, nyingi zikiwa za Mashariki ya Kati, kwa sababu ya mateso waliyokuwa wakiyapata raia wake. Ofisi zilizokuwa zikichukua wasichana Jakarta zilihitaji mahali pengine pa kuwatoa, na macho yao yakageukia Kenya, Uganda na Ethiopia. Katika miaka hiyo hiyo wanawake wa Saudia wakaanza kutoka kwenda kazini kwa wingi ambao haujapata kuonekana. Kabla ya 2018, mwanamke mmoja hivi kati ya watano alikuwa kwenye soko la kazi. Miaka michache baadaye ni zaidi ya mmoja kati ya watatu. Mama wa Riyadh anapokwenda ofisini, nyumbani kwake lazima awepo mtu, na mtu huyo anatafutwa Mtwapa.

Kwa hiyo nafasi ya binti yako haikutengenezwa na ajenti, wala ajenti hakumfanyia hisani. Naomba ulishike hili, kwa maana maajenti wengi hujifanya wanagawa sadaka.

Sasa tuje kwenye uamuzi wenyewe. Mwaka 1970 wanauchumi wawili, John Harris na Michael Todaro, walieleza kwamba mtu anayehama haangalii mshahara tu; anauzidisha mshahara ule na uwezekano wa kuupata. Ndiyo maana watu wanaweza kuendelea kumiminika mahali ambapo wengi wamekosa kazi, mradi anayefanikiwa anapata kikubwa. Wengine wakaongeza baadaye, na mimi naona wao wamekaribia zaidi maisha yetu, kwamba anayehama mara nyingi si mtu mmoja. Ni nyumba nzima inayomtoa mmoja wao. Shamba likikauka, mahamri yasipouzika, kuna mmoja ambaye pesa yake haitegemei mvua wala watalii wa hapa. Hiyo ni bima ya watu wasio na bima. Ndiyo maana na wewe umeandika swali hili badala ya kumwachia binti peke yake.

Hebu tukae na daftari, kama nilivyokaa na mama mmoja wa Kisauni mwaka juzi. Lilikuwa daftari la mjukuu wake la hesabu. Kurasa za mbele kujumlisha na kutoa kwa mwandiko wa mtoto, kurasa za nyuma pesa za Saudia. Alikuwa ameandika kila tarehe ya kupokea kwa kalamu nyekundu, na kila matumizi kwa bluu. Nyekundu zilikuwa chache, zimeachana. Bluu zilijaa mpaka pembeni, mpaka juu ya jina la shule.

Riyali 900 ni dola 240, kwa sababu Saudia imeifunga riyali yake kwa dola, riyali 3.75 kwa dola moja, tangu miaka ya themanini. Kwa dola ya shilingi 129 hiyo ni kama shilingi 31,000. Tuseme hotelini alikuwa akipata 15,000. Watu wengi husema, basi ni mara mbili. Wanakosea, na wanakosea kwa upande unaoipunguza faida. Cha kulinganishwa ni kinachobaki mkononi. Katika zile 15,000 toa makato ya NSSF, bima ya afya na nyumba, kama 1,500. Toa matatu ya kwenda na kurudi, shilingi 200 kwa siku 26, ni 5,200. Toa chakula cha mchana, 2,600. Zimebaki kama 5,700, na hajanunua hata sabuni. Saudia chakula na malazi ni juu ya mwajiri. Akitumia elfu tatu kwa bando na mahitaji yake, zinabaki 28,000. Hiyo ni karibu mara tano. Binti yako ameiona hesabu hiyo hata kama hajaiandika, na ndiyo maana hakusikii unapomwambia asubiri kazi nyingine ya hoteli.

Lakini kinachoongezeka kina bei, na bei yenyewe ni saa zake. Hotelini alimaliza zamu akarudi kwako. Kule analala mahali pa kazi. Kanuni za Saudia zenyewe zinampa mfanyakazi wa nyumbani siku moja ya mapumziko kwa wiki, ila kanuni hiyo inatakiwa kutekelezwa nyuma ya mlango uliofungwa, ambako mkaguzi wa kazi haingii. Ukigawa zile 31,000 kwa saa za mtu anayeamshwa alfajiri na kuachiliwa usiku wa manane, mshahara wake kwa saa unaweza kuwa chini ya ule wa hoteli.

Na kuna jambo moja la kiuchumi ambalo watu hulitaja kama la haki za binadamu tu, nalo ni vyote viwili. Chini ya mfumo wa kafala, mwajiri ndiye mdhamini wa mfanyakazi, yaani kafili wake. Mageuzi ya Machi 2021 yaliyowapa wafanyakazi wa kampuni binafsi Saudia nafasi ya kubadilisha mwajiri kwa urahisi zaidi yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Mfanyakazi asiyeweza kusema "jirani ananipa riyali 1,100, nahamia kwake" hana cha kupandishia mshahara. Binti yako akiwa mpishi hodari, mwenye kujua watoto, mwenye Kiarabu kizuri, bado ni 900. Tazama tofauti hii: mwaka 2006 serikali ya Ufilipino iliamua kwamba raia wake hatakwenda kufanya kazi za nyumbani nje kwa chini ya dola 400. Hizo ni riyali 1,500. Nyumba moja ya Jeddah yaweza kuwa na Mfilipino na Mkenya wakifagia sakafu moja, mmoja anapata 1,500 na mwingine 900, na kilichoweka tofauti hiyo ni pasipoti. Ninapoulizwa serikali yetu ifanye nini, jibu langu la kwanza ni hili. Kupiga marufuku tulijaribu. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha safari hizi na kufuta leseni za maajenti, na watu wakaenda kwa kupitia nchi jirani, bila mkataba, bila mtu wa kumuuliza. Marufuku ilipunguza usalama kuliko ilivyopunguza safari. Kukaa mezani na kudai mshahara wa chini ndiko kunakobadilisha maisha.

Nirudi kwa lile jambo la kwanza nililosema, gharama ya kuondoka. Kwa kazi za nyumbani Saudia, viza na tiketi hulipiwa na mwajiri, na mwajiri huyo pia huwa ameshalipa ofisi ya kule inayomletea mfanyakazi. Ajenti wa hapa anayemdai binti yako pesa ya tiketi anataka kulipwa mara mbili kwa safari moja. Lakini hudai, na watu hulipa, na wasio nazo hukopa. Yule mama wa Kisauni alikopa shilingi 60,000 kwa shailoki kwa riba ya asilimia kumi kwa mwezi. Mwezi mmoja wa mafunzo na vipimo, mwezi wa kungoja viza, mwezi wa kwanza wa kazi kabla ya mshahara. Riba imeshakuwa 18,000 na deni limefika 78,000. Akaanza kulipa elfu ishirini kila mwezi. Mpaka deni liishe zilikuwa zimetoka kama 92,000, na sehemu kubwa ya jasho la bintiye la miezi mitano ya kwanza ilikwenda kwa mtu ambaye hakuwahi hata kumwona. Madhara ya deni hayaishii kwenye riba. Msichana akifika akakuta nyumba mbaya, chakula cha kubahatisha, simu imechukuliwa, mwezi wa pili anataka kurudi, na mamake anamwambia kwa machozi, "vumilia mwanangu, shailoki yuko mlangoni." Kule amefungwa na kafili, huku amefungwa na deni. Nimesikia maneno hayo yakisemwa kwenye spika ya simu, mbele yangu, na sijayasahau.

Jambo la pili, mkono unaopokea. Hapa nitakupeleka mbali kidogo, Malawi, kwa sababu sijaona mfano ulio wazi kuliko huo. Katika miaka ya sitini na mwanzo wa sabini, vijana wa Malawi walikuwa wakichukuliwa kwa makumi ya maelfu kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Sehemu kubwa ya mshahara wao ilizuiliwa, wakalipwa wakisharudi nyumbani. Aprili 1974 ndege iliyokuwa imewabeba wachimba migodi ilianguka Francistown, Botswana, wakafa watu 78, na Rais Kamuzu Banda akasimamisha uajiri huo na kuwataka raia wake warudi. Walirudi zaidi ya laki moja, na pesa zao zilizokuwa zimezuiliwa. Wanauchumi waliochunguza baadaye wilaya zilizokuwa na vituo vya kuajiri wachimba migodi walikuta kwamba watoto waliokuwa wa umri wa kuanza shule wakati huo walisoma zaidi kuliko wenzao wa wilaya nyingine, na athari hiyo ilionekana miaka ishirini baadaye. Sipendi mshahara wa mtu uzuiliwe kwa lazima, na mfumo ule ulikuwa na ukatili wake. Lakini angalia kilichotokea: pesa ilifika kwa pamoja, mikononi mwa aliyeitolea jasho, naye akiwa nyumbani kuiona inakwenda wapi.

Huku kwetu hufika kinyume chake. Huja elfu kumi leo, elfu tano Ijumaa, elfu mbili ya dharura Jumapili. M-Pesa ni baraka, hakuna mtu wa Pwani atakayekana hilo, lakini imerahisisha kuomba kama ilivyorahisisha kutuma. Mjomba anajua tarehe ya mshahara. Harusi ya binamu, matanga, mchango wa mtu ambaye binti hamjui. Kila kutuma kuna makato, na kutuma kidogo kidogo hukatwa zaidi. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo 2030 gharama ya kutuma pesa nje iwe chini ya asilimia 3, na wastani wa dunia bado umepita 6. Asilimia 6 ya shilingi 31,000 kwa miezi 24 ni zaidi ya 40,000, yaani zaidi ya mshahara wa mwezi mzima.

Uliuliza pesa hizo zinamfaidi nani hasa. Tuanze na nchi. Redio haikukudanganya. Mwaka 2010 Wakenya walioko nje walituma dola milioni 642 hivi. Mwaka 2024 walituma karibu dola bilioni 4.9, na sasa pesa hizo zinazidi zinazoletwa na chai, au kahawa, au watalii. Uzuri wake mkubwa ni kwamba hazikimbii shida: mwaka 2020, mahoteli ya huku yakiwa yamefungwa, pesa za ng'ambo ziliongezeka kupita bilioni 3, kwa sababu watoto wetu walijua nyumbani kuna njaa. Dola hizo ndizo zinazosaidia kununua mafuta, ngano ya mahamri yako, dawa. Zisingekuwepo, shilingi ingekuwa imeanguka zaidi ya ilivyoanguka.

Ila kuna mambo mawili hayasemwi redioni. Kwanza, zaidi ya nusu ya pesa hizo hutoka Marekani, kwa wauguzi, madereva wa malori makubwa, watu wa kompyuta, waliokwenda na familia zao na wanaoweza kubadilisha kazi. Saudia imepanda mpaka kuwa miongoni mwa nchi za mbele, lakini ile bilioni inayotajwa haimwelezi binti wa riyali 900. Hizo ni safari mbili tofauti zilizojumlishwa katika tarakimu moja.

Pili, thamani ya jasho lake inaamuliwa na kitu ambacho hana habari nacho. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika kama shilingi 160. Riyali 900 zilikuwa 38,400. Miezi michache baadaye dola ikarudi kwenye 130 na kushuka kidogo, na riyali zile zile zikawa 31,000. Shilingi 7,400 zilipotea kila mwezi bila yeye kupunguza kazi hata ya dakika moja. Nchi ilisherehekea, na ilikuwa na haki, unga na petroli vilipata ahueni. Lakini familia iliyokuwa imeagiza mawe na simenti kwa hesabu ya 38,000 ilikwama kwenye lenta. Ufilipino waliona upande mwingine wa jambo hili mwaka 1997: peso yao ilipoanguka, familia zenye watu nje zilipata zaidi, na nyingi zilipeleka watoto shule na kufungua biashara badala ya kula tu. Pesa ya ziada isiyotarajiwa ikiwa na mpango, huwa shule. Ikikosa mpango, huwa televisheni.

Na mtaani kwako kuna athari uliyoiona wewe kabla yangu. Viwanja vya Mtwapa vimepanda kwa sababu nyingi, wazungu, watu wa bara, barabara, na pesa za ng'ambo zimo. Aliye na mtoto nje anaongeza bei, asiye na mtoto nje anasukumwa ndani zaidi. Kwa hiyo safari hizi zinapunguza umaskini wa nyumba inayopokea na wakati huo huo zinaongeza umbali kati ya nyumba hiyo na jirani yake. Yote mawili ni kweli.

Nimeliacha la mwisho ambalo hukuliuliza. Mjukuu. Binti akiondoka, mtoto wa miaka minne anabaki na wewe. Nani atamtazama saa tisa usiku ukikanda unga? Nani atampeleka chekechea wakati wateja wamepanga foleni? Ukiacha biashara, kile ulichokuwa ukipata lazima kitolewe kwenye zile 28,000. Akina nyanya wengi hawaiandiki gharama hii. Wanaona kumlea mjukuu ni wajibu, na ni wajibu, lakini ni kazi, na kazi hiyo ndiyo inayomwezesha mama wa Riyadh kwenda ofisini kwake. Mnyororo mrefu kabisa wa wanawake, na wewe ndiwe wa mwisho wake, usiyelipwa. Mkikaa kupanga, wewe uwe na fungu lako, lijulikane, lisiitwe zawadi.

Je, umwache aende? Ana miaka 27, mama. Ataamua yeye, na wewe utakuwa sehemu ya uamuzi huo. Mimi ningekubali kwa masharti. Asiende kwa mkopo wa riba. Kama hakuna njia ila shailoki, basi safari haijaiva. Ajenti awe na leseni hai, na jina lake mlitafute wenyewe kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, msitegemee karatasi iliyobandikwa ukutani mwake. Viza iwe ya kazi. Akiletewa viza ya matembezi na kuambiwa itabadilishwa huko huko, asipande ndege. Afungue akaunti kwa jina lake mwenyewe, na sehemu ya mshahara iingie humo moja kwa moja, isipite kwako wala kwa mjomba. Inayokuja kwako ije mara moja kwa mwezi, kiasi kile kile, mtakachokuwa mmekubaliana kabla: chakula, karo ya mtoto, fungu lako. Na kile kinachojengwa au kununuliwa kijulikane kabla hajaondoka, kiwanja au cherehani au friji ya biashara, maana aliyeondoka bila kujua anarudi kwa ajili ya nini huongeza mkataba wa pili, na wa tatu, na mtoto anamkuta darasa la sita.

Kuna kipimo kimoja mnaweza kukifanya wiki hii bila kulipa kitu. Nendeni wawili kwa ajenti, mwombe nakala ya mkataba mwende nayo nyumbani mkaisome usiku mmoja, na jina na simu ya ofisi ya kule Saudia itakayompokea. Anayefanya kazi yake kwa haki atawapa. Akianza kusema nafasi zinaisha leo, kwamba mkataba utasainiwa uwanja wa ndege, inukeni mwondoke, hata kama ameshachukua picha za pasipoti.